Naomba mwongozo: naanzaje kusikiliza jazi bila kupotea njiani?

Ridhimu_Mbili

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua jazi, nikimaanisha ile ya Marekani ya akina Miles Davis na John Coltrane, si Tabora Jazz wala OK Jazz. Dansi na rumba hazinipi shida.

Tatizo liko hivi: wimbo unaanza vizuri, melodi inashikika, kisha baada ya dakika moja hivi kila mtu anapiga la kwake na sijui tena tuko wapi. Kwenye rekodi za jukwaani watu wanapiga makofi katikati ya wimbo, nami sielewi wamempigia nani na kwa lipi. Nikitafuta YouTube naletewa ama bendi zetu za zamani, ama video za saa tatu zenye picha ya mgahawa na mvua dirishani.

Maswali yangu: nianze na rekodi ipi hasa (moja au mbili, tafadhali msinimwagie majina hamsini), nisikilize nini ndani yake, na je, simu na hedifoni za kawaida zinatosha? Bando ni GB 1 kwa wiki. Napiga gitaa la ridhim kidogo, kwa hiyo mkitaja vipimo na kordi sitakimbia.

Kipimo_12

Karibu mkuu. Unapotea kwa sababu unaendelea kuisubiri melodi, na melodi imeshamaliza kazi yake. Jazi ya miaka ya 1950 karibu yote imejengwa hivi: melodi inapigwa mwanzoni mara moja au mbili, kisha wapigaji wanabuni papo hapo, mmoja baada ya mwingine, juu ya mzunguko uleule wa kordi uliobeba ile melodi. Wakimaliza zamu zao melodi inarudi kufunga. Mzunguko haukatiki hata saksafoni ikienda kombo vipi. Chini yake besi na piano wanapita njia ileile, kwa urefu uleule, tena na tena. Makofi uliyoyasikia ni ya mtu aliyemaliza zamu yake.

(Nasema "zamu" makusudi. Nikisema "solo" mpiga gitaa wa dansi atafikiria gitaa la solo.)

Rekodi ya kuanzia: "Freddie Freeloader", wimbo wa pili kwenye Kind of Blue ya Miles Davis, 1959. Wengi watakutajia "So What" iliyo wimbo wa kwanza. Hiyo iache kwanza. "Freddie" ni bluzi ya vipimo 12, mzunguko mfupi, mwendo wa kutembea. Kila kipimo kina mapigo manne, kwa hiyo mzunguko mzima ni mapigo 48, sekunde 22 au 23 hivi.

Usijaribu kuhesabu mpaka kumi na mbili kwa mdomo. Namba za Kiswahili zikishapita kumi zinakuwa ndefu, ukifika "kumi na moja" kipimo kimeshapita. Tumia pingili za vidole, kama mtu anayeleta nyiradi bila tasbihi: gumba linagusa, vidole vinne vinahesabu. Ncha za vidole vinne ni vipimo vinne vya kwanza, pingili za kati ni vinne vya pili, pingili za chini ni vinne vya mwisho. Safu tatu za nne, na ndivyo bluzi yenyewe ilivyogawanyika. Kila kipimo, gumba linasogea kidole kimoja.

Kwa kuwa unajua kordi: wimbo uko B♭. Safu ya kwanza yote ni B♭. Mwanzo wa safu ya pili inahamia E♭, kisha inarudi. Mwanzo wa safu ya tatu inagusa F, halafu inashuka. Mwisho wa mzunguko, pale ambapo bluzi ya kawaida ingerudi nyumbani B♭, hapa mara nyingi wanakwenda A♭, ndiyo maana unasikika kama mlango ulioachwa wazi.

Ramani ya wimbo: melodi inapigwa mara mbili, mpaka kama 0:45. Piano ya Wynton Kelly inachukua mizunguko 4, mpaka kama 2:15. Miles, tarumbeta, mizunguko 6. Coltrane, saksafoni ya tena (tenor), mizunguko 5 kuanzia karibu 4:28. Cannonball Adderley, saksafoni ya alto, mizunguko 5 kuanzia karibu 6:20. Baada ya dakika ya nane besi ya Paul Chambers ina mizunguko 2, kisha melodi mara mbili na kwisha. Sekunde zinaweza kupishana kidogo kulingana na toleo.

Mara ya kwanza, vidole na besi tu, usijali nani anapiga juu. Mara ya pili, angalia kila zamu inapobadilika: ni pale tu gumba linaporudi kwenye ncha ya kidole cha kwanza. Ukiona zamu imebadilika gumba likiwa katikati, umekosea wewe, si wao. Mara ya tatu, imba melodi kimoyomoyo wakati Miles anapiga zamu yake. Utashangaa inakaa juu yake bila kugongana. Ya nne ndiyo umsikilize mpigaji mwenyewe: anarudia nini, ananyamaza wapi.

Kinachowaangusha wengi ni kumfuata mpiga tarumbeta kwenye hesabu. Mpigaji hodari anaanza sentensi yake kabla ya kipimo cha kwanza, au anachelewa kwa makusudi. Sikiliza besi, inapiga noti moja kwa kila pigo. Na ukipoteza hesabu usianze kubahatisha. Tulia, subiri ile kuhamia E♭, weka gumba kwenye pingili ya kati ya kidole cha kwanza, endelea.

SautiSafi

Kipimo_12 kamaliza upande wa muziki. Mimi niongezee vyombo, maana "sikiliza besi" haina maana kama besi yenyewe huisikii.

Spika ya simu haifai kwa zoezi hili. Uzi mnene kabisa wa besi ya kusimama unalia kwenye hezi 41, na spika ya simu inafifia sana chini ya hezi 200 au 300. Kinachobaki ni tarumbeta, saksafoni na matuazi, basi ndiyo hiyo fujo unayoisema. Hedifoni za bei ya chini zinatosha, mradi vile vimpira vizibe sikio sawasawa. Vikilegea besi yote inavuja. Kama ulishawasha kikuza besi kwa ajili ya amapiano, kizime. Kinavimbisha noti za chini mpaka zinashikana, na wewe unataka kuzisikia moja moja zikipanda na kushuka.

Hedifoni iliyokufa upande mmoja ni tatizo kubwa kuliko kwenye muziki wa leo. Rekodi nyingi za stereo za mwisho wa miaka ya 1950 zilitenga ala kabisa, nyingine kushoto, nyingine kulia. Kwenye Kind of Blue wapiga saksafoni wawili wamewekwa pande tofauti. Ukiwa na sikio moja, mmoja wao utamsikia kwa mbali kama yuko chumba cha pili. Dawa: mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono, ili kila upande utoe sauti zote. Lakini kama pande zote mbili zinafanya kazi, acha stereo, inakusaidia kutofautisha nani ni nani.

Bando: kwa kilobiti 96 kwa sekunde unakula kama MB 43 kwa saa, kwa 160 MB 72, kwa 320 MB 144. Albamu ya dakika 45 kwa kiwango cha 160 ni MB 54 hivi. GB 1 ni zaidi ya saa 13 za kusikiliza, tele. Ila hiyo ni sauti peke yake. Video ya YouTube inakula zaidi, shusha picha mpaka kiwango cha chini kabisa.

Kutafuta: usiandike "jazz". Andika jina la albamu na la mpigaji, kisha chagua chaneli ambayo jina lake linaishia na "Topic". Hizo zimepakiwa na wenye haki, nyimbo ziko kamili na kwa mpangilio, na maelezo ya chini mara nyingi yanataja nani alipiga nini. Albamu zilizopakiwa na watu binafsi wakati mwingine zimeongezwa kasi kidogo ili zisinaswe, na gitaa lako halitalingana nazo. Zile video za mgahawa na mvua hazina hata jina la mpigaji. Achana nazo, humo hamna zamu wala mzunguko wa kufuatilia.

Tukiwa kwenye kulingana: Kind of Blue ina kasoro maarufu. Mashine moja ya kurekodia ilikwenda taratibu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo upande wa kwanza wa santuri ("So What", "Freddie Freeloader", "Blue in Green") ulisikika juu kidogo ya sauti halisi kwa zaidi ya miaka thelathini. Matoleo ya miaka ya 1990 yalirekebisha. Ukipata nakala ambayo gitaa lililotuniwa vizuri halikubaliani nayo, jua ni ya zamani.

Mwisho, zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo na zima ile ya kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. Na usishangae wimbo mmoja ukitokea mara mbili. Matoleo mapya huongeza majaribio yaliyoachwa studio. Kind of Blue ya asili ina nyimbo tano. Ukiona wa sita, ni "Flamenco Sketches" iliyopigwa mara nyingine. Simama kwenye wa tano.

Bibi_Santuri

Sikubaliani na kumwanzishia mtu kwenye hesabu. Anayelalamika kwamba melodi imepotea, mpe kwanza melodi anayoijua, kisha mwonyeshe inavyovunjwa.

Chukua "Summertime" ya Gershwin, kutoka opera ya Porgy and Bess ya 1935. Isikilize kwa Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, albamu yao ya Porgy and Bess waliyorekodi 1957: Armstrong anaanza na tarumbeta, Ella anaimba, kisha Armstrong anaimba. Rudia mpaka uweze kuiimba mwenyewe ukiwa jikoni. Ni vipimo 16 tu, haichukui muda. Ikishakukaa, nenda kwa Miles Davis na Gil Evans, 1958, wimbo huohuo bila mwimbaji: tarumbeta inaanza na melodi, kisha inaachana nayo taratibu huku okestra nyuma ikirudia kipande kilekile kifupi. Halafu Coltrane, kwenye albamu ya My Favorite Things, anaipiga kwa ukali kama amekasirishwa nayo. Wimbo mmoja, watu watatu, na wewe una melodi kichwani ya kupimia kila mmoja.

Fanya vivyo hivyo na "Autumn Leaves" ya Cannonball Adderley, albamu ya Somethin' Else, 1958. Ni karibu dakika 11. Kuna utangulizi mrefu ambao si melodi. Melodi inaanza pale tarumbeta ya Miles iliyozibwa mdomo inapoingia, laini kabisa.

Halafu hakuna aliyetaja santuri za zamani. Upande mmoja wa santuri ya 78 (iliyozunguka mara 78 kwa dakika) ulibeba kama dakika tatu, kwa hiyo hakuna zamu ya kuchosha. "Body and Soul" ya Coleman Hawkins, Oktoba 1939, ni mizunguko miwili ya vipimo 32 na basi: melodi anaigusa mwanzoni tu, anaiacha, na harudi. "Take the 'A' Train" ya okestra ya Duke Ellington, 1941, imetungwa na Billy Strayhorn. Inaanza na vipimo vinne vya piano, kisha saksafoni zote zinapiga melodi pamoja huku tarumbeta na tromboni zikijibu. Aliyezoea safu ya tarumbeta na saksafoni za bendi za dansi atajisikia nyumbani hapo.

Tahadhari: za miaka ya 1920 kama "West End Blues" ya Armstrong, 1928, ni dhahabu, lakini zina mikwaruzo na ngoma hazisikiki vizuri. Sikiliza zile sekunde kumi na tano za mwanzo, tarumbeta ikiwa peke yake, ujue makelele ya kumsifu yanatoka wapi. Zingine zisubiri sikio lizoee mkwaruzo.

Kipimo_12

@Bibi_Santuri hoja yako ya wimbo unaojulikana naikubali, "Summertime" ni chaguo zuri. Ninachoogopa ni mtu kuishia hapo: anaisikiliza jazi kama nyimbo zilizopambwa, na siku akikutana na wimbo usio na maneno anarudi palepale. Afanye vyote, lakini pingili asiziache.

Ridhimu_Mbili

Nashukuru sana wakuu, na shikamoo Bibi. Ile ya pingili imekubali kwenye "Freddie Freeloader", zamu zote zinaangukia kwenye ncha ya kidole cha kwanza kama ulivyosema. Ila nikihamia "All Blues" kwenye albamu hiyohiyo natoka nje kila mara, ingawa nimesoma kuwa nayo ni bluzi ya vipimo 12. "Take Five" ndiyo imenishinda kabisa. Nakosea wapi?

Kipimo_12

Hujakosea mkuu, umeingia kwenye mitego miwili inayojulikana.

"All Blues" kweli ina vipimo 12, lakini kati ya mzunguko wa melodi na unaofuata, na kati ya zamu ya mtu na mtu, wameweka vipimo 4 vya kupumzikia. Mpigaji akiwa ndani ya zamu yake mizunguko inafuatana kama kawaida. Zamu ikiisha, gumba lisirudi mwanzo moja kwa moja: zipite ncha za vidole vinne mara moja za bure, kisha anza upya. Tena mapigo yake ni sita kwa kipimo, yanayumba kama bembea. Gumba lisogee mara moja kwa kila sita. Ukihesabu nne nne hutafika.

"Take Five" ya Dave Brubeck Quartet, 1959 pia, imetungwa na mpiga saksafoni wake Paul Desmond. Ina mapigo matano kwa kipimo, yahesabu tatu na mbili: MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili. Piano inakuwekea hiyo tangu mwanzo na karibu haiachi. Lakini zamu za kubuni hazifuati mzunguko wa melodi. Desmond, na baada yake Joe Morello kwenye drams, wanabuni juu ya kile kipande kifupi cha piano kinachojirudia, bila ncha ya kwanza ya kurudia. Kwa hiyo usiitumie kujifunza mizunguko. Itumie kwa kitu kingine: Morello anapobaki na ngoma, shikilia ile tatu-na-mbili ya piano usiiachie, usikilize anavyokaa kimya pale unapotegemea pigo.

Ukitaka bluzi nyingine za vipimo 12 zisizo na mtego: "Blue Monk" ya Thelonious Monk (1954), "Tenor Madness" ya Sonny Rollins (1956) na "Blue Train" ya Coltrane (1957). Kwenye "Tenor Madness" Rollins na Coltrane wanapiga pamoja, na kuelekea mwisho wanapokezana vipimo vinne vinne. Ni dakika 12, lakini hapo kwenye kupokezana pingili zako zitakulipa: safu moja huyu, safu moja yule.

Sasa ndiyo uende "So What". Ni vipimo 32 katika mafungu manne ya vipimo vinane vinane. Fungu la kwanza na la pili ni sawa, la tatu linapanda nusu toni kutoka D kwenda E♭, la nne linarudi D. Melodi inapigwa na besi, wapulizaji wanaitikia kwa noti mbili. Utangulizi wa piano na besi hauna mapigo ya kuhesabika, acha upite. Hesabu inaanza kama 0:34. Kupanda kwa kwanza kuko karibu 1:02. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 55. Miles, Coltrane na Adderley kila mmoja ana miwili, piano ya Bill Evans ina mmoja. Kazi yako ni moja: sikia ile nusu toni kila inapopanda na kila inaposhuka.

Matatu_Na_Hedifoni

Kutoka Nairobi hapa. Jambo dogo ambalo hamjalitaja: mahali pa kusikilizia. Ndani ya matatu "Blue in Green" inapotea yote, ni laini mno, na ukiongeza sauti ndiyo tarumbeta inakuchoma sikio ikiingia. Kwa barabarani weka "Moanin'" ya Art Blakey na Jazz Messengers, iliyorekodiwa Oktoba 1958. Piano inaita, tarumbeta na saksafoni zinajibu kwa noti mbili, kama kanisani, huwezi kupotea. Mafungu ya vipimo vinane vinane kama "So What", na fungu la tatu halina kuitikiana, hivyo unajua uko wapi bila kuhesabu. Kisha sikiliza Blakey anavyovingirisha ngoma kwa nguvu kumsukuma mtu kwenye mzunguko mpya. Ukisikia huo mvumo, gumba ncha ya kwanza.

Na kwa maoni yangu Kind of Blue inamlaza mgeni. Semeni mtakalo.

Sebene_Mbele

Kwa sikio la rumba kuna mlango wa karibu zaidi: "St. Thomas" ya Sonny Rollins, albamu ya Saxophone Colossus, 1956. Ni melodi ya visiwa vya Karibi, mdundo wa kalipso, mzunguko wa vipimo 16 unaokwenda haraka. Max Roach anaanza peke yake kwenye drams, kisha saksafoni. Sikiliza mwanzo wa zamu ya kwanza ya Rollins: anachukua noti mbili tu, anazihamisha huku na kule, anazigeuza, kama mpiga gitaa anayeshika kipande kimoja kwenye sebene asikiache. Baada ya zamu ya drams anarudi, na hapo mdundo umebadilika kutoka kalipso kwenda swingi ya kawaida. Rudia hapo mara kadhaa. Tofauti ya mdundo unaoujua na swingi utaisikia ndani ya wimbo mmoja, mpigaji yuleyule, melodi ileile.

Swingi yenyewe itafute kwenye tuazi kubwa: ting, ting-ka-ting, na tuazi la mguu linafunga kwenye pigo la pili na la nne. Ukipiga makofi, piga kwenye la pili na la nne. Ukipiga kwenye la kwanza na la tatu, wimbo wote utauona mzito na hutajua kwa nini.

Kwa kuwa unapiga gitaa: Wes Montgomery, The Incredible Jazz Guitar, 1960, anza na "D-Natural Blues". Anapiga kwa gumba, bila plektra, ndiyo maana sauti ni nene. Zamu zake mara nyingi hupanda ngazi tatu: noti moja moja, kisha okteva (noti moja pamoja na ileile ya juu yake), kisha kordi nzima. Ukishazijua ngazi hizo unajua amefika wapi. Baada ya hapo Grant Green, Idle Moments, 1963. Wimbo wenye jina hilo ni karibu robo saa na unakwenda polepole sana, anapiga noti moja moja karibu kama anaimba. Nyingi unaweza kuziokota kwa sikio na kuzipiga, jambo ambalo huwezi kulijaribu kwa Wes bila kuvunjika moyo.

Usitegemee kusikia gitaa la ridhim kama letu. Kazi hiyo kwenye jazi imebebwa zaidi na piano, inayochomeka kordi fupi pale mpulizaji anapopumua.

Kava_La_Nyuma

Nje ya mada kidogo, lakini kwa wasemaji wa Kiswahili haifai kupita bila kutajwa: Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960. Maneno ni ya mshairi Langston Hughes, mpangilio wa ala ni wa Melba Liston, na mwanzoni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasoma kwa Kiswahili, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Bendi kubwa, ngoma nyingi, inasikilizika hata na mgeni.

Kisha kuna kundi la Herbie Hancock la mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambalo wote walijipa majina ya Kiswahili: Hancock ni Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, Billy Hart wa drams ni Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson ni Mganga. Albamu ya Mwandishi ni ya 1971. Usiingie huko kwa kuvutwa na majina, wimbo wa kwanza una mapigo 15 kwa kipimo na pingili hazitakuokoa. Kwa Hancock anza na Maiden Voyage, 1965, au kama unataka mdundo wa kuchezeka, "Chameleon" ya 1973.

Ridhimu_Mbili

Swali la mwisho wakuu, kisha niwaache. Nimebofya jina la Coltrane tu, bila kuchagua albamu, nikaletewa kitu cha saksafoni na drams peke yake, hakuna besi wala piano. Hicho nacho kina mzunguko?

Kipimo_12

Hiyo itakuwa Interstellar Space, ya 1967, yeye na Rashied Ali. Haina mzunguko wa kuhesabu. Iache mkuu.

Usichague kwa jina la mpigaji, chagua kwa mwaka wa kurekodiwa. Coltrane wa 1957 hadi 1964 bado anakwenda na mzunguko au angalau kitu cha kushika. Kuanzia Ascension, 1965, anavunja. Miles vilevile: kabla ya 1968 ni ala za kawaida, na Bitches Brew, iliyorekodiwa Agosti 1969, ni piano na gitaa za umeme na vipande virefu vilivyounganishwa studio. Angalizo: programu za muziki mara nyingi zinaonyesha mwaka wa toleo jipya, kwa hiyo rekodi ya 1957 inaweza kuandikwa 2003. Mwaka halisi utaupata kwenye maelezo ya albamu.

Ukimtaka Coltrane wa mpakani, A Love Supreme, iliyorekodiwa Desemba 1964. Ni dakika 33, sehemu nne. Kwenye sehemu ya kwanza weka vidole kando. Shika noti nne za besi ya Jimmy Garrison zinazoanza mara baada ya utangulizi, kisha sikiliza Coltrane kuelekea mwisho anavyozichukua noti hizohizo nne na kuzipiga kwenye ufunguo mmoja baada ya mwingine, kabla sauti ya binadamu haijaziimba.